Feni Iliyopima Ukuta

Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka. Alianguka kutoka paa la darasa upande wa Ndera, ubao alioukanyaga ukiwa umeliwa na mchwa kwa ndani, na akavunjika shingo. Alilazwa pwani kwa miezi mingi. Aliporudi nyumbani Garsen alikuwa na akili zake zote na sauti yake yote. Mikono iliinuka kidogo, lakini vidole havikushika kitu. Kuanzia kifuani kwenda chini hakuwa na habari na mwili wake.

Siku ya kuruhusiwa tulielezwa mambo mengi: vidonda vya kulala, mpira wa mkojo, namna ya kumgeuza bila kumvuta. Habari ya joto ilikuja mwisho, daktari akiwa amekwisha simama kwenda kwa wagonjwa wengine. Alisema mwili huu hautoi jasho tena chini ya jeraha, kwa hiyo joto likiingia halina mlango wa kutokea. Halafu akauliza tunakaa wapi. Nilipomjibu Garsen, akavuta kiti akakaa tena.

Alinieleza dalili. Ngozi kavu ya moto, macho mazito, maneno yanayopotea njia. Alisema mtu wa namna hii anaweza kuharibika mchana mmoja huku watu wakidhani amesinzia tu. Na baridi nayo ni adui, akaongeza, kwa sababu mwili hauwezi kutetemeka ukajipasha. Nilirudi nyumbani nimebeba mgonjwa, dawa na maneno hayo, na kati ya vyote hivyo maneno ndiyo yaliyonilemea.

Nyumba yetu ni ya udongo na paa la mabati, aliloezeka mwenyewe. Wakati wa kaskazi, kuanzia saa nne asubuhi, paa huanza kulia, mabati yakijinyoosha kwa jua. Zamani sauti hiyo sikuisikia kabisa. Sasa kila mlio ulinifanya niache nilichoshika.

Mimi natengeneza simu na redio katika kibanda karibu na njia panda. Wateja wangu wengi ni wafugaji wa Kiorma wanaoleta simu zilizolowa na tochi zilizokufa, na akina mama wa sokoni. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki kutulisha, kwa hiyo kukaa nyumbani mchana kutwa haikuwezekana. Mama mkwe aliacha migomba yake kando ya mto akaja kukaa nasi. Alimgeuza mwanawe, akamlisha, akampangusa. Kitu kimoja tu hakutaka kukigusa, nacho ni waya. Mdogo wake aliwahi kurushwa na stima akiwa msichana, na tangu siku hizo mama hata swichi ya taa hakuibonyeza. Alimwita mtu.

Feni tuliyokuwa nayo ni ya sola, ile ya kusimama, inayokula betri ya gari. Ilikuwa na mwendo mmoja. Nikiiwasha asubuhi kabla ya kwenda kazini, ilimpuliza tangu hewa ikiwa bado na ubaridi, midomo yake ikakauka na mabega yakawa kama ya mtu aliyetoka mtoni. Ikifika saa nane mchana, jua likiwa kichwani, betri ilikuwa imechoka na mapanga yanazunguka kwa kujikokota. Yaani ilimpa upepo mwingi asipouhitaji, na ikamtupa penye shida. Stima ya nyaya nayo hukatika bila kuaga, sikuthubutu kuitegemea.

Nikawa napiga simu nyumbani. Mama mkwe hushika simu kwa mikono miwili na hunijibu kwa upole, lakini ukimuuliza mtu mwili una joto kiasi gani, atakwambia nini? Aliniambia yuko sawa, amelala. Hilo neno, amelala, lilinirudishia maneno ya daktari. Niliacha simu za watu mezani zimefunguliwa matumbo nikakimbia nyumbani, nikamkuta kweli amelala, anakoroma, na paji la uso lina jasho la kawaida. Nikarudi kibandani kwa aibu. Kesho yake nikafanya vile vile.

Ndipo nilipopata wazo la kutengeneza feni inayoongeza mwendo yenyewe joto likipanda na kupunguza likishuka. Si jambo geni. Kompyuta huwa na feni za namna hiyo, na mimi nilikuwa nimefungua kompyuta nyingi. Kinachotakiwa kwanza ni thamista, kichembe cheusi mfano wa mbegu ya papai, ambacho kikipata joto hupitisha umeme kwa urahisi zaidi na kikipoa hubana. Nilikitoa katika betri mbovu ya kompyuta, humo huwekwa ili betri isijiunguze. Cha pili ni transista kubwa, niliyoing'oa kwenye kipaza sauti cha gari kilichoachwa kwangu na mwenyewe hakurudi. Transista ni kama bomba lenye koki: thamista inashika koki, na feni inapata umeme kadiri koki inavyofunguliwa. Katikati yake nikaweka kitufe cha kuzungusha, kama kile cha sauti ya redio, cha kuamulia ni joto gani lianze kufungua koki.

Nilifanyia kazi hiyo nyumbani, siku za Jumapili, mezani karibu na kitanda, kwa sababu sikutaka kuwa mbali naye. Mume wangu alilala akiangalia. Alikuwa mtu wa kupanda juu ya majumba na kupigilia misumari akiimba, na sasa kazi aliyobaki nayo ni kuangalia. Nilipochomeka waya wa mwisho nikasogeza kikombe cha chai ya moto karibu na thamista. Feni ikapunguza mwendo. Nikaondoa kikombe, feni ikaongeza.

Akasema, "Hiyo inapenda baridi kuliko mimi."

Nilicheka, naye akacheka, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke kucheka kitu kimoja. Nilikuwa nimebadilisha nafasi, thamista ikakaa mahali pa kitufe na kitufe mahali pa thamista. Nikavifungua, nikavipangua, nikarudia. Safari hii chai ilipokaribia feni ikavuma, na chupa ya maji ya mtungini ilipokaribia ikatulia.

Lakini kicheko hakikukaa. Niligusa transista nikaungua kidole. Feni ikienda mwendo wa kati, ule umeme ambao haukuruhusiwa kupita ulikuwa unageuka joto ndani ya transista. Kitu cha kumpoza mtu kilikuwa kinapika chenyewe. Nikanusa plastiki ikianza kulegea, na palepale nikaona picha ambayo haijaniacha hadi leo: meza inashika moto, pazia linafuata, na yeye pale kitandani anauangalia moto unavyokuja, anaita kwa sauti yake yote, na mama yuko nje anachota maji.

Nilichomoa kila kitu. Kwa wiki kadhaa sikukigusa. Nilijiambia nina kazi nyingi. Yeye hakuniuliza, ila aliangalia meza.

Kilichonirudisha ni joto lenyewe. Ile kaskazi ilikuwa kali, ng'ombe walikuwa wakipita njia panda vichwa vimeinama, na nyumbani kila saa nane ile feni ya zamani ilizimika. Nikachukua mfuniko wa sufuria kuukuu, nikaukata, nikaifunga transista juu yake kwa skrubu ili lile bati litawanye hari. Nikaongeza fyuzi ndogo, ili nyaya zikigusana ikatike kabla ya moto. Nikaongeza dayodi, kijimlango kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye nyaya za feni, kwa kuwa mota ikizimwa hurudisha teke la umeme linaloweza kuua transista. Sanduku nikalitengeneza kwa bati la mafuta ya kupikia, hakuna mbao, hakuna plastiki, na nikalisimamisha juu ya tofali mbali na pazia. Nikaiacha ikizunguka siku nzima ya Jumapili nami nimekaa mbele yake kama mtu anayelinda mpunga dhidi ya ndege. Kila mara niliweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa la vuguvugu tu.

Jambo jingine niligundua siku hiyo. Hewa ikipoa sana, feni ilipata umeme mdogo mno, ikawa inanguruma bila kuzunguka. Nikaongeza njia ndogo ya umeme ya pembeni ili isishuke chini ya mwendo wa taratibu. Betri sasa ilifika magharibi ikiwa bado na nguvu. Thamista nikaivuta kwa waya mrefu nikaibandika ukutani kando ya dirisha, mahali ambapo upepo wa feni haufiki, kwa sababu kipimo kikipulizwa na feni hudanganyika kwamba chumba kimepoa. Nilijiona nimefikiri kila kitu.

Siku chache zikapita vizuri. Nikaanza kupiga simu mara chache zaidi, na nikampigia mama mkwe kumweleza kwamba hana haja ya kugusa kitu chochote, mashine itajiendesha. Aliitikia kwa furaha.

Halafu mchana mmoja simu yangu ikalia kibandani. Mama mkwe hajawahi kunipigia kabla, ni mimi hupiga. Nilijua kabla sijapokea.

"Mwanangu," alisema, "ananiita kwa jina la babake."

Sikumbuki nilivyofunga kibanda, na baadaye niliambiwa sikukifunga. Nilimkuta mume wangu uso umekuwa mwekundu wa udongo, ngozi ya kifua kavu na ya moto kama ukuta wa tanuri. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa akimwelekeza mtu asiyekuwepo ashikilie ngazi vizuri. Na feni ilikuwa inazunguka mbele yake polepole, kwa ustaarabu, kana kwamba ni asubuhi ya mvua.

Niliruka kitufe na mambo yake yote, nikaunganisha waya wa feni moja kwa moja na betri. Nikampigia muuguzi mmoja wa kituo cha afya aliyekuwa akitufahamu. Aliniambia nimvue, nimfunike nguo zilizolowa shingoni, kwapani na mapajani, feni impige, nisimpe maji mdomoni mpaka aongee sawasawa, na kama hatanijua baada ya nguo kulowekwa upya nimbebe nimlete bila kungoja. Mama akawa analoweka, mimi nageuza. Jirani, mama wa Kiorma ambaye hutuletea maziwa, alisikia, akaingia bila kubisha hodi, akashika ndoo. Kulikuwa na mlio wa mapanga na maji yakidondoka sakafuni.

Nguo zililowekwa tena. Nikamwinamia nikamuuliza mimi ni nani.

Macho yake yalinigeukia. Akasema, "Wewe ni mtu aliyenilowesha godoro."

Nikakaa chini sakafuni kwenye maji.

Tulimpeleka kituoni hata hivyo, kwa bajaji, na muuguzi akamwangalia akatuambia tumewahi. Aliporudi kitandani ndipo niliposimama kutafuta kosa. Niligusa transista, nzima. Fyuzi, nzima. Betri imejaa. Nikaenda dirishani kuangalia thamista, na mkono wangu ukagusa nguo baridi.

Ilikuwa leso ya mama. Aliona mchana ni mkali, akailowesha, akaitundika kwenye kamba dirishani ili upepo uingie chumbani ukiwa umepoa, kama walivyofanya kwao siku zote. Ilikuwa imelalia juu ya kile kichembe cheusi. Kwa hiyo saa nzima thamista ilikuwa inaiambia feni kwamba hapa kuna ubaridi mzuri, pungua, pungua zaidi. Na feni ilitii.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinitazama mimi, akatazama leso, akatazama ule waya, na niliona akiunganisha mambo kwa mwendo wake mwenyewe. Mtu hahitaji kujua transista ili aelewe jambo hilo. Akakaa kwenye kiti cha mlangoni akafunika mdomo kwa kiganja.

Niliogopa nitakachosema. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Kutoka kitandani mume wangu, ambaye tulidhani amelala, akanisaidia.

"Mama hana kosa, na wewe huna," alisema. "Ila mashine yako inapima ukuta. Mimi siko ukutani."

Nilifikiri juu ya maneno hayo kwa siku nyingi. Nilikuwa nimejali hewa ya chumba, na waya, na moto, na betri, na nikaweka kipimo mahali panaponifaa mimi kukiweka. Chumba kina joto lake na mtu ana lake. Pale alipolala, godoro chini yake na chandarua pembeni, joto lilikuwa jingine kabisa, na hakuna aliyekuwa akiliuliza.

Mama mkwe hakuwa akila vizuri tangu siku ile. Alishinda akimtazama mwanawe kama anayeogopa kumsogelea. Nikamwambia nina kazi ambayo mimi siiwezi. Ilikuwa kweli, maana mshono wangu ni mbaya. Nilitaka thamista ikae juu ya ngozi, karibu na bega, pale ambapo bado anahisi, ili ikimkera aseme. Lakini isimchune, kwa kuwa kidonda kwa mtu kama yeye ni hatari nyingine. Mama akauliza mara mbili kama kile kichembe kinaweza kumrusha mtu. Nikakiweka ulimini mwangu mbele yake, feni ikiwa inazunguka. Aliniangalia kwa hofu, kisha akakipokea kwa ncha za vidole.

Alikishonea mfuko mdogo wa kitambaa laini, kilichotoka kwenye ile ile leso. Akautia mkanda wa kupita kwapani, usiobana. Nilizungusha kitufe upya, nikikiamuru kianze mapema zaidi. Siku ya kwanza sikwenda kazini kabisa. Siku iliyofuata nilikwenda nikarudi. Feni ilikuwa ikipanda na kushuka na bega lake, si na jua, na mara nyingine iliongeza mwendo kabla hata paa halijaanza kulia, nasi tukatazamana. Sitasema nilitulia. Niliendelea kupiga simu. Tofauti ni kwamba sasa mama alikuwa akinijibu kwa kitu alichokiona: inaenda haraka, inaenda polepole, nimemgusa bega, ni la kawaida. Alikuwa amejifunza kuisikiliza kutoka jikoni, kama mtu anavyojua chungu kimeanza kuchemka bila kukifunua.

Mvua zilipokuja, mto ukapanda, hewa ya Garsen ikalainika kwa muda. Mume wangu akawa mkimya. Nilidhani shingo inamuuma. Nikamuuliza kama kitambaa kinamchoma, kama feni inampiga sana, kama nimpunguzie. Alikataa yote. Mwisho akasema, akiangalia juu kwenye mabati yake:

"Mnanigeuza mkipenda. Mnanilisha mkipenda. Sasa hata upepo unajiamulia. Kitu kimoja tu nataka nikiamue mimi."

Nilikuwa nimetumia miezi nikiondoa kila nafasi ya mtu kukosea, na yeye nikamhesabu kati ya watu hao. Isitoshe, niliogopa. Ukimpa swichi anaweza kuzima na kusahau, au kuzima akiwa amechanganyikiwa kwa joto, na tukarudi mahali pale pale. Nilimwambia hivyo. Alinisikiliza, akasema ataizima, na akichanganyikiwa nitafute njia ya kumwashia. Alizungumza kama fundi anayempa fundi mwenzake kazi.

Nikaitafuta. Nilichukua swichi kubwa, ya kubonyeza, nikaifunga kwenye ubao pembeni ya kitanda mahali ambapo nyuma ya kiganja chake hufika. Akiibonyeza, feni inazima au inawaka. Lakini bega likipita kiwango fulani cha joto, transista ya pili inaifunika swichi na feni inawaka apende asipende. Nilimweleza hilo waziwazi, sikutaka kumdanganya kwa swichi ya mchezo. Alifikiri kidogo akakubali. Alisema hata kwenye paa fundi hufungwa kamba.

Asubuhi moja nilikuwa nje nikianua nguo, mama akiwa jikoni anasonga ugali. Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Ghafla nikasikia kimya. Ule mlio ambao tulikuwa tumeuzoea kama pumzi yetu ulikuwa umekoma. Niliangusha nguo matopeni. Mama alitoka na mwiko mkononi, tukagongana mlangoni, kila mmoja akitaka kuingia kwanza.

Mume wangu alikuwa ameegemea mto, anatutazama sisi wawili tulivyobanana pale. Mkono wake ulikuwa bado juu ya ubao. Mapanga ya feni yalikuwa yanamalizia mzunguko wa mwisho.

"Nimezima mimi," alisema. "Nilitaka kusikia mvua."

Nikamgusa bega. Lilikuwa la kawaida. Mama alirudi kwenye ugali wake, na mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda, mkono wangu nikiwa sijauondoa, nikisikiliza maji yakipiga mabati na kungoja, nisiyeweza kujizuia, kama feni itawaka.